Watani wa Kwenye Kanda ya Kijapani

Juzi nilikuwa nimeinamia sofa la mteja, nang'oa pini za zamani kwa bisibisi, nikasikia watu wengi wakisema "Eeeeeh" kwa pamoja, kwa sauti inayopanda, kama watu wa baraza walioonyeshwa jambo wasilolitegemea. Bisibisi ikanidondoka. Sauti ilikuwa inatoka kwenye simu ya mwanangu wa mwisho, Doto, aliyekuwa amejilaza juu ya marobota ya sponji badala ya kunisaidia.

"Doto, hiyo nini?"

"Katuni, mama. Ya Kijapani."

"Na hao wanaosema eeeh wako wapi? Siwaoni."

"Hawaonekani, ni watu wa studio. Hapa katuni inaigiza vile vipindi vya mahojiano vya TV za kwao. Inavikejeli. Huyu ni mtangazaji, huyu mgeni, wanamchimba maisha yake watu wacheke."

Akaendelea kunieleza kwa uvumilivu, kama mwalimu na mtoto mzito. Nilimwacha. Mimi shule niliiacha darasa la nne na sioni haya kulisema, maana karakana hii ya sofa hapa Buzuruga, Mwanza, haikujengwa na cheti cha mtu, na wenye vyeti vyao wanakuja kukalia kazi yangu. Lakini mtoto alikuwa ananifundisha kitu nilichokiona yeye hajazaliwa. Tofauti ni moja tu: mimi wakati ule hakuwepo wa kunieleza, nikajieleza mwenyewe. Na hicho nilichojieleza ndicho nataka kuwasimulia ninyi wenzangu, mliokua enzi zile maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo hatukuvijua majina.

Mama yangu aliitwa Nyanjige. Alikuwa anakaanga samaki barazani kwetu, karibu na njia ya kwendea stendi, na alikuwa na tabia ambayo mtaa mzima uliijua: aligombana na samaki. Sato akichelewa kuiva, mama alishika kiuno kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukimnyooshea mwiko, akamwambia, "Wewe unangoja nani? Wenzako wameshaliwa." Abiria walikuwa wanacheka mpaka wanasahau basi. Harufu ya mafuta yale ilikaa kwenye nguo zangu za shule, na watoto wenzangu walinicheka kwa hiyo, nami niliwaambia wazi kwamba wananicheka kwa sababu wana njaa.

Akashikwa na homa, ikamchukua haraka. Tulimvusha ziwa kwa pantoni mpaka Kamanga, tukaenda kumzika Sengerema, nyumbani kwa ukoo wa baba. Nilikuwa na umri wa kuweza kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika, lakini siku ile mikono yangu haikujua iwe wapi.

Msibani alikuja mtani wetu, Magesa, fundi baiskeli wa pale Kamanga penye gati. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, na kazi ya mtani msibani mnaijua. Anawachekesha waliolemewa, anasema visa vya marehemu, anaigiza alivyotembea, anaweza hata kushuka kaburini akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Magesa alifanya kazi yake. Alijifunga kanga ya mama juu ya suruali, akashika kiuno, akalinyooshea jeneza kijiti. "Wewe unangoja nani? Wenzako wameshafika." Ilikuwa ni mama kabisa. Wanawake waliolia tangu alfajiri walianza kucheka machozi yakiwa bado mashavuni, na bibi yangu, mama yake baba, alicheka mpaka akashikwa asianguke.

Hapo ndipo baba alipookota mpini wa jembe.

Baba yangu hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa fundi gari, mtu wa kunong'ona na injini. Magesa mwenyewe alidhani ni utani wa kujibu, akaanza kurukaruka na ile kanga. Mpini ukamkuta begani. Akasimama, akaifungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye majani.

"Mtani, umenipiga kweli," akasema.

"Ondoka. Mke wangu si wa kuchezewa."

Magesa akaondoka na bega lake. Tukazika tumenyamaza. Babu mmoja wa ukoo aliyekuwa nyuma yangu alisema polepole, si kwa kumsuta mtu, "Sasa msiba huu nani ataufunga? Mwenye kazi yake amefukuzwa."

Tuliporudi Buzuruga niliona alichokuwa akisema yule babu. Nyumba ilikaa kimya. Baba alilichukua karai la kukaangia, akalipandisha darini mahali nisipofika. Jina la mama hakulitaja. Hata neno "mama yako" hakulisema, palipotakiwa mama, alisema "wakati ule." Aliweza kuniambia, "Wakati ule ulikuwa unapenda uji mzito," akakoroga, akanipa, akatazama pembeni. Alinipenda, nisije nikaeleweka vibaya. Alikuwa anasuka nywele zangu kwa vidole vyenye grisi, misuko imeelekea kila upande, na mimi niliivaa hivyo hivyo mpaka shuleni nikitafuta wa kunicheka nimpige.

Lakini nilianza kumpoteza mama. Uso nilikuwa nao. Kilichokuwa kinaondoka ni sauti. Asubuhi moja niliamka nikataka kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka barazani, nikapata maneno matupu, yamekauka, hayana mtu ndani yake. Nilikaa kitandani nikijaribu kuyasema kwa namna hii na ile, na kila namna ilikuwa ni mimi tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa makaburini. Nilitoka ili nimwulize baba, "Mama alikuwa ananiitaje?" Nikaukuta mgongo wake umeinamia jiko. Nikarudi kitandani. Mwaka ule sikuwa na shida nyingine duniani ila hiyo: nimpate mtu wa kunirudishia ile sauti kabla haijaniishia yote.

Sasa enzi zile ndipo magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka Japani, na kila gari lilikuja na vitu vya mwenyewe wa kwanza: mwavuli, chupa ya chai, mara kiatu kimoja cha mtoto. Tajiri wa gereji alikofanya kazi baba, Mhindi mmoja mpole tuliyemwita Bhai, aliwaachia mafundi wajichukulie. Jioni moja baba aliniletea kanda ya video aliyoikuta chini ya kiti cha nyuma cha kibasi. Ilikuwa na picha ya msichana wa nywele za kijani. Akaiweka mkekani mbele yangu, akaenda kuoga. Niliinusa. Ilinuka plastiki iliyoota jua, na ndani yake harufu tamu kama ya sabuni ya watu wengine, harufu ya nyumba ambayo sitaiona. Mpaka leo nikipasua robota jipya la sponji huwa inanijia.

Deki hatukuwa nayo. Mwenye deki mtaani alikuwa jirani yetu Mama Rehema, ambaye mumewe aliendesha malori ya safari ndefu. TV yake ilivishwa kitambaa cha kufuma na juu yake chombo cha maua ya plastiki, na kabla ya kuiwasha ilibidi tunawe miguu. Nchi yetu wakati huo haikuwa na kituo chake cha televisheni huku bara. TV ilikuwa sanduku la kuonyeshea kanda, basi. Mimi sikuwahi kuona mtangazaji amemkalisha mtu kitini akamwuliza maswali. Kumbukeni hilo kabla hamjanicheka.

Tuliketi sakafuni, mimi na binti yake Rehema, rika langu, mjuaji kuliko mimi na mwembamba kuliko mimi. Maneno yote Kijapani. Tulielewa hivyo hivyo. Palikuwa na mzee mwenye upara anayeuza supu kwenye mkokoteni, na yule msichana wa nywele za kijani alikuwa yatima anayekula kwake. Akaja jitu kutaka kumchukua msichana. Mzee akapigana nalo darajani kwa upawa wa supu, huku pamba ikidondoka kutoka mbinguni. Doto juzi kaniambia ile ni theluji. Kwetu Usukumani kitu cheupe chepesi kinachopeperuka ni pamba, na sikuona ajabu kwamba kuna nchi inadondoka yenyewe. Mzee akaanguka mtoni, akafa. Msichana alilia machozi yakimrukia pande zote kama bomba lililopasuka. Mama Rehema alijifuta kwa ncha ya kanga.

Ukaja wimbo. Na baada ya wimbo, yule mzee aliyekufa alikuwa ameketi kwenye sofa jekundu anakunywa chai.

"Si amekufa huyu?" Rehema akauliza.

"Amekufa."

"Mbona anakunywa chai?"

"Labda ni ya mwanzo, wameibandika mwisho," akasema Mama Rehema.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitambaa cheupe cha pembetatu kwenye paji lake. Nikasema hicho ni cha jeraha la darajani, kwa hiyo huyu ni marehemu kabisa. Doto anasema kwao ndivyo maiti huvalishwa. Basi nilipatia nusu bila mwalimu.

Mbele ya marehemu alikaa mwanamke mwenye nywele zilizorundikwa kama kichuguu, ameshika kifimbo cha kusemea. Anamwuliza kitu, mzee anajibu kwa aibu, watu wasioonekana wanacheka. Anamwuliza kingine, wale watu wanasema "Eeeeeh." Kisha akaleta ubao wenye kipande cha karatasi kimefunika maneno, akakibandua taratibu huku anamtazama mzee kwa jicho la ubaya, krrrr, na kilichokuwa chini yake lazima kilikuwa siri nzito, maana mzee alijifunika uso pamoja na upara wote na wale watu wakacheka mpaka picha ikatikisika. Maandishi makubwa ya rangi yalikuwa yanaruka hewani. Na kwenye pembe ya juu palikuwa na kidirisha, ndani yake uso mdogo wa yule msichana wa nywele za kijani akitazama yote hayo. Mwanzo analia. Halafu anaduwaa. Halafu, polepole, anacheka.

"Na huyo wa dirishani ni nani?" Rehema akauliza.

Nilijua. Nilijua kama ninavyojua leo sofa lililojazwa matambara kwa kulikalia tu. "Huyo ndiye mfiwa," nikasema. "Yuko ndani anatazama msiba. Na huyu mwenye kichuguu ni mtani. Anamsema marehemu."

"Mtani gani ana mashavu ya pinki?"

"Mtani wa kwao. Sisi marehemu wetu hajibu. Kumbe wenzetu wanamkalisha, wanampa na chai, anajibu mwenyewe."

Mama Rehema alianza kucheka, akaniangalia, akaacha. Alikuwepo Sengerema siku ile ya mpini. "Kula andazi, mwanangu," akasema, akaniwekea mawili.

Niliirudia kanda ile mpaka Rehema akaichukia. Kila nikiitazama nilizidi kuona kosa letu liko wapi. Mtani wetu alifukuzwa, mama hakuitwa kitini, ndiyo maana sauti yake haikuja. Na baba, ambaye ndiye mfiwa wa dirishani, hakuwahi kufika pale pa kucheka. Alikwama kwenye kulia, tena kulia kwa ndani. Nikaamua kazi hiyo niifanye mimi. Damu ya kutongoja mtu mwingine aje aanze ninayo tangu utoto.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, baba akiwa gereji, nilipanga sebule yetu kama kwenye kanda. Kigoda cha mama cha kukaangia nilikiweka katikati, nikakitandika kanga yake. Kikombe cha chai nikakiweka mbele yake juu ya debe lililogeuzwa. Maua ya plastiki Rehema aliyaazima juu ya TV yao bila kuaga. Nilikata boksi likawa ubao, nikachora samaki, nikamfunika kwa kitambaa nilichokigandisha kwa ugali. Kifimbo cha kusemea kilikuwa mwiko. Watoto wa uani niliwaingiza nyuma ya pazia la chumbani, nikawaambia kazi yao ni kucheka na kusema eeeh, na wasionekane. Rehema nikamtoa nje, nikampa fremu ya picha isiyo na kioo, asimame dirishani aishike usoni.

"Mimi nifanye nini huku?"

"Ushangae."

"Nishangae nini?"

"Chochote nitakachosema. Kwanza ulie kidogo, halafu ushangae, halafu ucheke."

"Na mikono ikichoka?"

"Mfiwa hachoki. Shika."

Nikaketi mbele ya kigoda. "Karibu sana, Nyanjige," nikasema.

Ilikuwa ni mara ya kwanza jina hilo kutamkwa ndani ya nyumba ile tangu tulipovuka naye. Nilisikia lilivyogonga bati likarudi. Nyuma ya pazia wakasema, "Eeeeeh."

"Ni kweli ulikuwa unagombana na samaki?"

Watoto wakacheka sana, kwa sababu walijua ni kweli. Nikausogeza mwiko kwenye kigoda, nikangoja. Kwenye kanda mzee alikuwa anajibu hapo hapo. Kigoda hakikujibu.

"Tunakuuliza wewe, Nyanjige. Samaki walikukosea nini?"

"Labda hasikii," akasema Rehema kwenye fremu. "Ongeza sauti."

"Labda amekwenda msalani," sauti ndogo ikasema nyuma ya pazia, na wenzake wakaangua kicheko ambacho sikuwa nimekiagiza.

Nilikibandua kile kitambaa. Samaki akatokea. "Eeeeeh," wakasema. Nikarudisha mwiko kwenye kigoda, nikauweka karibu kabisa na mahali ambapo mdomo wake ungekuwa. Chai ilikuwa inapoa, imeanza kuota ngozi juu. Mkono uliniuma. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama wao, sikusahau hata maua, na kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyoelewa kwamba hatakuja. Nikamwambia kwa kunong'ona, si kwa utani tena, "Mama, sema kidogo tu."

Hapo Rehema akashangaa kwelikweli. Mdomo ulimfunguka, macho yakapita juu ya kichwa changu yakaenda mlangoni. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kizingitini, mikono imejaa oili, mfuko wa nyanya umening'inia kidoleni.

Wale wa nyuma ya pazia walitoka kama kuku waliorushiwa jiwe, pazia likaanguka na kamba yake. Mimi nilibaki na mwiko mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nafanya utani wa mama."

Alitazama kigoda, kanga, chai, samaki wa boksi. "Nani kakufundisha?"

"Ile kanda uliyoniletea."

Kisha akaona dirishani. Rehema alikuwa bado ameishika fremu, mdomo wazi, maana sikuwa nimemwambia aache.

"Na huyo?"

"Huyo ni wewe, baba."

Nilingoja kofi. Baba alimtazama Rehema, na Rehema, maskini, akazidi kuduwaa.

"Mimi niko hivyo?"

"Kwanza unalia. Halafu unashangaa. Halafu unacheka."

"Nacheka nini?"

"Anavyosemwa mama."

Akaweka nyanya chini. Akachuchumaa pale pale mlangoni, mgongo kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyechoka kutembea. Nilisikia basi likipiga honi kule stendi, na mtu akijibishana na konda. Halafu akasema, "Muulize tena."

Nikauinua mwiko. "Nyanjige, ni kweli ulikuwa unagombana na samaki?"

Baba alikuwa anatazama kigoda.

"Hawezi kukubali hilo," akasema. "Angesema samaki ndio walioanza."

Ikatoka sauti kifuani mwake, kavu, kama gari linalowashwa baada ya kulala juu ya matofali. Sikuijua mara moja. Ilipokuja mara ya pili niliijua kuwa ni kicheko. Akaendelea, bila mimi kuuliza. Akasema mama alikuwa mwoga wa maji, mtoto wa ukingoni mwa ziwa lakini mwoga wa maji, na siku ya kwanza alipomvusha kumleta mjini akiwa bibi harusi, alifumba macho tangu Kamanga, akashika mkono wa mumewe kwa nguvu zote. "Tulipofika Mwanza akafumbua macho," baba akasema, "akakuta ameshika mguu wa mbuzi wa watu. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimeshika mizigo. Akanikasirikia mwezi mzima kwa sababu mbuzi hakumwambia."

Rehema alicheka mpaka fremu ikadondoka ndani. Nami nilicheka. Baba akajifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu ya ile oili, na bado akajipaka nyusi zote.

Nikaona huo ndio wakati wangu. "Baba, mama alikuwa ananiitaje? Nimesahau sauti."

Akafungua mdomo. Nilimwona akiitafuta, kichwa kimeinama upande mmoja kama anavyosikiliza injini. Akajaribu. Ilikuwa sauti ya baba, nene, inasema jina langu. Akatikisa kichwa.

"Siwezi. Mimi nikisema inakuwa ni mimi tu." Akaiokota ile fremu iliyodondoka. "Magesa ndiye anaweza. Siku ile alimpatia mno, mwanangu. Nilisikia sauti ile nyuma yangu nikageuka, nikajua ametoka, ameamka, anatugombeza. Nikaona ni Magesa na ndevu zake. Ndipo nikaushika mpini."

Kesho yake tulivuka. Baba alivaa shati lake jeupe. Nilimjua: mtu mwenye kiburi akienda kuomba jambo hujipanga kama anayekwenda vitani, na tabia hiyo ameniachia mimi. Pantoni ilipogusa Kamanga tulimwona Magesa pale pale penye gati, amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, bibi mdogo." Hakuinua kichwa. "Naona umekuja na mzee wako. Leo ameshika mpini wa nini? Wa shoka?"

"Nimekuja mikono mitupu," baba akasema.

"Mikono mitupu kwenye msiba? Bega langu lilifariki siku ile. Matanga bado hatujaanua."

Wauza ndizi wakacheka. Baba akamsogelea. "Mtani, siku ile nilikukose..."

"Nyamaza," akasema Magesa haraka. "Mtani haombwi radhi. Unataka kuniaibisha mbele ya wateja wangu? Shika tairi hili."

Baba akachuchumaa na shati lake jeupe, akashika tairi. Magesa akampa gundi na kiraka, akasimama pembeni akiwatangazia watu. "Njooni muone. Fundi wa magari ya Japani. Tajiri wake anajua kwamba tundu la baiskeli limemshinda? Bandika, bwana. Unangoja mkalimani?" Baba alibandika, kikakaa upande. Magesa akakikagua, akasema hata marehemu angekaanga kiraka kile kikakaa vizuri zaidi. Na baba, akiwa amechuchumaa, akacheka. Magesa alimtazama akicheka, na uso wake ukalainika wote.

"Mtoto anataka kumsikia mama yake," baba akasema, bado anatazama tairi.

Magesa akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Alinitazama. Akamwendea muuza ndizi mmoja, akaazima kanga yake, akajifunga juu ya suruali. Alikuwa na ndevu, na masizi ya mnyororo mpaka viwikoni. Akashika kiuno, akanipa mgongo, akasogea hatua kadhaa kama mtu aliyeko barazani, halafu akageuza shingo tu na kuniita.

Jina aliloniita nalo mama ni langu, silitaji hapa. Nasema tu kwamba ilikuwa ni yeye. Ule mvuto wa mwishoni, ile haraka, ule ukali usio na hasira ndani yake. Ilinipita mwilini mpaka kwenye nyayo.

"Abee," nikaitika.

Watu walikuwa wanacheka, lakini wakaacha mmoja mmoja, maana mimi nilikuwa bado nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa anavyosimama. Nilikuwa nangoja aniambie alichoniitia.

Magesa aliliona hilo. Akamtazama baba. Baba akaitikia kwa kichwa.

"Kanawe mikono," Magesa akasema kwa sauti ile ile, "uje ule."

Nikashuka ziwani, nikainama, nikanawa.